GANZI YA MWILI NA GANZI YA UMMA

Khutba ya Ijumaa iliyotayarishwa kwa matangazo ya redio, Segera, Wilaya ya Handeni

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akamjaalia masikio, macho na moyo, na akampa ngozi ihisiyo baridi na joto, ulaini na ukali. Twamhimidi, twamtaka msaada na twamwomba maghufira. Twashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Allah peke yake, hana mshirika. Na twashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimshukie yeye, jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Amma baadu. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi, nami naiusia nafsi yangu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani kumcha Mungu ndiyo akiba iliyo bora.

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, na nyinyi wasikilizaji wetu mlioko majumbani, mashambani na safarini. Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratu Fussilat, aya ya 53, kwamba atawaonyesha watu ishara zake katika pande zote za ulimwengu na ndani ya nafsi zao, hata iwabainikie kuwa aliyoyateremsha ni kweli. Na katika Suratu Dhariyat, aya ya 21, anatuhimiza tuzitazame nafsi zetu. Leo tutazame ishara moja tu iliyomo katika miili yetu, ishara ambayo kila mmoja wetu huikimbia, nayo ni maumivu. Mtu akiumwa hulalamika, na si ajabu. Lakini tutaona, inshallah, kwamba maumivu ni mlinzi aliyewekwa na Mola mlangoni pa mwili, na kwamba aliyeondokewa na mlinzi huyo yumo katika hatari kubwa kuliko yule anayelia usiku kucha.

Ndugu zangu, wengi wenu mnalijua shamba la katani. Kila jani la mkonge lina mwiba mgumu nchani. Mkataji anaponyosha mkono, mwiba ukamgusa, mkono hurudi nyuma kabla yeye mwenyewe hajasema neno. Hakushauriana na mtu, wala hakukaa akafikiri. Ni nani aliyeuamrisha mkono ule urudi?

Matabibu wanatueleza hivi. Ubongo, pamoja na ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo, ni kama makao makuu ya serikali ya mwili. Kutoka hapo imetawanyika mishipa ya fahamu, jozi 12 zikitoka katika ubongo na jozi 31 zikitoka katika ugwe wa mgongo. Nayo hugawanyika na kugawanyika tena, mpaka ikafika katika kila ncha ya kidole, kila jino, na kila shina la unywele. Tabibu Mwislamu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwisha kuandika katika kitabu chake cha Qanun kwamba mishipa hii ndiyo njia ya hisia na mwendo. Baadhi yake huchukua habari kutoka nje kwenda ndani, na mingine huchukua amri kutoka ndani kwenda nje.

Kwetu Segera jambo hili si gumu kulifahamu. Hapa ni njia panda. Anayetoka Tanga, anayetoka Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze, na anayetoka Arusha na Moshi kwa njia ya Korogwe, wote hukutana hapa kisha kila mmoja akashika njia yake. Basi ugwe wa mgongo nao una njia panda zake. Habari ya mwiba hupanda kwa mshipa wa hisia, ikafika katika njia panda ya mgongo. Pale pale hugeuzwa kuwa amri, ikashuka kwa mshipa wa mwendo hadi kwenye misuli ya mkono, na mkono ukarudi. Wakati huo huo habari nyingine inaendelea na safari kwenda ubongoni, nayo ikifika ndipo mtu anapojua kwamba ameumia. Mola hakuliacha jambo la hatari lingoje mashauri marefu.

Tena tazameni hekima iliyo kubwa zaidi. Mtu akikanyaga mwiba kwa mguu wa kulia, mguu ule hujikunja kwa ghafla. Lau mguu wa kushoto ungebaki umelegea, angeanguka chini. Lakini ugwe wa mgongo hupeleka amri mbili kwa pamoja: mguu ulioumia ujikunje, na mguu ulio mzima ukaze na kuuchukua uzito wote wa mwili. Mguu wa kushoto haukuchomwa na chochote, hata hivyo umesimama kwa ajili ya mwenzake. Likumbukeni jambo hili, kwani tutalirejea katika khutba ya pili.

Na hisia si za namna moja. Ngozi imewekewa vipokezi vya kugusa, vya mkandamizo, vya joto, vya baridi na vya maumivu. Vimejaa katika ncha za vidole, midomo na ulimi, na ni vichache mgongoni. Mwaka 2021 wataalamu wawili, David Julius wa Marekani na Ardem Patapoutian aliyezaliwa Lebanon, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuvigundua vipokezi vya joto na vya mguso. Julius alianza uchunguzi wake na kitu kilichomo katika kila jiko la kwetu, nacho ni pilipili. Akaona kwamba kipokezi kinachoamshwa na ukali wa pilipili ndicho hicho hicho kinachoamshwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana pilipili ikigusa ulimi mtu husema anaungua, ijapokuwa hapana moto.

Maumivu nayo huja kwa mafungu mawili. La kwanza ni kali na la ghafla, husafiri upesi, nalo humwondoa mtu penye hatari. La pili huja taratibu, kwa mwendo wa mita 1 hivi kwa sekunde, likakaa na kufukuta. Hili humlazimisha mtu akipumzishe kiungo mpaka kipone. Mmoja humtoa mtu motoni, na wa pili humkataza asiutumie mkono ulioungua. Nani aliyewapangia zamu walinzi hawa, kama si Mwenye hekima, Mwenye kujua?

Enyi Waislamu, sasa natutazame hali ya mtu aliyeondokewa na mlinzi huyu.

Upo ugonjwa ambao watu wa pwani wameuita ukoma au matana, na Waarabu wakauita jedhamu. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu amkinge nao. Kwa karne nyingi watu walidhani ya kwamba ugonjwa huu unakula vidole. Mwaka 1873 tabibu wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, alikiona kijidudu chake, na baadaye ikabainika kwamba kijidudu hiki hakili vidole hata kidogo. Hukaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi, mahali penye ubaridi kuliko ndani ya mwili. Huzaliana polepole mno, hata mtu akakaa miaka 5, na pengine 20, kabla ya kuona dalili. Mishipa ikivimba na kufa, kiungo huingia ganzi. Hapo msiba huanza. Mama anainua sufuria motoni, wala hahisi kwamba kiganja kinaungua. Mkulima anatembea siku nzima na kokoto ndani ya kiatu, na jioni anaona damu. Jeraha halimuumi, kwa hiyo halipumzishi. Likaoza, likafika mfupani, na kidole kikapotea. Kilichokiharibu kidole ni kazi za kila siku, zilizofanywa na mkono usio na mlinzi.

Tena mishipa ile si ya hisia peke yake. Ukifa ule upitao nyuma ya kiwiko, vidole hujikunja visinyooke. Ukifa ule upitao kando ya goti, mguu huburuta. Ukifa ule ufumbao jicho, jicho hubaki wazi hata usingizini, likakauka na kupofuka. Na ikifa nyuzi ziongozazo jasho, ngozi hukauka ikapasuka nyufa.

Ndugu Waislamu, ugonjwa huu una dawa. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza matibabu ya dawa mseto, na mwaka 1983 matibabu hayo yakaanza kutolewa nchini. Dawa hutolewa bila malipo, kwa muda wa miezi 6 au 12 kwa kadiri ya ugonjwa, na baada ya kuanza kuzitumia, mgonjwa haambukizi tena. Zaidi ya hayo, watu walio wengi mno wana kinga ya asili, na hawaupati hata wakiishi karibu na mgonjwa. Mwaka 2006 nchi yetu ilifikia lengo la kuwa na mgonjwa pungufu ya 1 katika kila watu 10,000. Lakini ukoma haukutoweka. Katika miaka iliyofuata wamekuwa wakigunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Na wako wanaogunduliwa wakiwa wamekwisha kupata ulemavu.

Kwa nini mtu achelewe hali dawa ipo tena bure? Sababu moja ni kwamba ugonjwa wenyewe hauumi. Ya pili, ambayo ni chungu zaidi, ni aibu. Mtu huona baka lililofifia rangi mgongoni au mkononi, akaligusa asihisi kitu, akalificha chini ya nguo. Anaogopa kutengwa. Anaogopa kwamba binti yake hataposwa, na kwamba watu hawatakula chakula chake. Basi anangoja, na anapongoja mishipa inakufa. Dawa huua kijidudu, lakini mshipa uliokwisha kufa haufufuki. Mshipa uliovimba hivi karibuni huweza kuokolewa kwa matibabu, kama haijapita miezi 6 hivi. Kwa hiyo kila neno la dharau tunalolisema juu ya wagonjwa humfikia mtu mmoja aliyekaa kimya miongoni mwetu, likamrudisha nyuma asiende zahanati.

Atakuja msemaji aseme: je, haikupokewa hadithi inayotuamrisha kumkimbia mwenye jedhamu kama mtu amkimbiavyo simba? Ndiyo, imepokewa. Lakini wanazuoni wameisoma pamoja na hadithi nyingine, na wakaeleza kwamba ile ni tahadhari, na kwamba maradhi hayahami kwa nguvu zake yenyewe bila ya idhini ya Mwenyezi Mungu. Zama zile hapakuwa na dawa. Leo aliyeanza kutumia dawa haambukizi, na wanazuoni wa fiqhi wametufunza kwamba hukumu hufuata sababu yake. Sababu ikiondoka, tutamkimbia kwa hoja gani?

Na tazameni mwenendo wa wema waliotangulia. Sahaba Muayqib bin Abi Fatima (R.A.) alikuwa na jedhamu. Wapokezi wanasimulia kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) alimweka kuwa msimamizi wa Baitul-mali, akala naye chakula, na akamtafutia waganga wa kumtibu. Hazina ya Waislamu ilikuwa katika mikono yenye jedhamu, na hapana aliyeona aibu. Kisha Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala Damaski tangu mwaka 705 mpaka 715, aliwatengea wagonjwa wa jedhamu posho, wasilazimike kuombaomba. Hiyo ndiyo sunna ya watu wetu. Desturi ya kutenga na kucheka tumeitoa wapi?

Ndugu zangu, Muislamu amepewa fursa ambayo wengine hawana. Mara tano kwa siku anatia udhu. Anaosha uso, mikono pamoja na viwiko, na miguu pamoja na vifundo. Hizi ndizo sehemu ambazo ukoma huzianza zaidi, na mishipa miwili inayoshambuliwa sana hupita nyuma ya kiwiko na nyuma ya kifundo cha mguu. Hatusemi kwamba udhu uliwekwa kwa ajili ya ukoma. Udhu ni ibada, na hekima yake yote anaijua aliyeufaradhisha. Lakini yatupasa tuoshe kwa macho yaliyo wazi. Unapoosha mkono, tazama kama pana baka lisilo rangi ya kawaida. Ukiliona, lipapase kwa kijipande cha pamba huku umefumba macho. Baka la mbalanga huhisi, baka la ukoma mara nyingi halihisi. Lisilohisi lipeleke zahanati wiki hiyo hiyo.

Na unapoosha miguu, nenda taratibu zaidi, kwani ganzi haitokani na ukoma peke yake. Ugonjwa wa kisukari, ambao umeenea katika miji na vijiji vyetu, nao hudhoofisha mishipa ya fahamu, ukianzia nyayoni. Wazee wengi hukatwa miguu kwa jeraha dogo ambalo halikuwauma. Basi, mzee wangu mwenye kisukari, na wewe mama yangu, pitisha vidole baina ya vidole vya miguu, itazame nyayo kila jioni, au umwombe mjukuu akutazamie. Kausha vizuri baada ya udhu. Usitie mguu katika maji ya moto kabla ya mtu mwenye hisia nzima kuyapima. Usitembee pekupeku. Na mwenye jeraha asilazimishe maji juu yake. Dini imempa ruhusa, na masheikh wa mahali pake watamweleza namna ya kuitumia.

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi, nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni maghufira, hakika Yeye ndiye Mwenye kughufiria, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake, jamaa zake na masahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu. Katika hadithi iliyopokewa na Nuuman bin Bashir (R.A.), ambayo Bukhari na Muslim wameithibitisha, Mtume (S.A.W.) amewafananisha waumini, katika kupendana na kuhurumiana kwao, na mwili mmoja. Kiungo kimoja kikiugua, mwili mzima huitikia kwa kukesha na kwa homa. Sasa tumeijua maana ya mfano huu kwa undani. Mguu wa kulia ukichomwa, wa kushoto hukaza. Haukungoja kuombwa, wala haukuuliza, "Mimi yanihusu nini?"

Basi tujipime. Jirani anapolala na njaa, je, habari yake inatufikia? Basi linapopata ajali katika barabara kuu, mmoja hukimbilia majeruhi na mwingine hukimbilia mizigo. Yule wa kwanza mshipa wake u hai. Wa pili ameingia ganzi, naye hajui, kwa sababu ganzi haiumi. Mtoto wa mgonjwa anapochekwa shuleni na baba zetu tukanyamaza, umma umeungua kiganja na haukuondoa mkono.

Na ganzi ya moyo, kama ile ya ngozi, haiji kwa siku moja. Dhambi ya kwanza humchoma mtu akakosa usingizi. Ya pili humchoma kidogo. Ya kumi haimchomi tena, akadhani amepona, kumbe mshipa umekufa. Kwa hiyo asiyeumwa na kosa lake asijipongeze, na aogope. Na anayelia kwa kosa lake amshukuru Mola, kwani mlinzi wake bado yuko macho.

Kumbukeni pia kwamba Mwenyezi Mungu ametujulisha, katika Suratu Fussilat, aya ya 20 na zile zinazofuata, kwamba masikio, macho na ngozi zitatoa ushahidi juu ya wenyewe Siku ya Kiyama. Na katika Suratu Yasin, aya ya 65, kwamba mikono itasema na miguu itashuhudia. Ngozi hii inayohisi leo ni shahidi anayeandika. Mkono ulionyooshwa kumwonyesha mgonjwa kidole utalisema hilo, na mkono uliomshika mgonjwa ukamfikisha hospitali ya Magunga pale Korogwe, au hospitali ya Handeni, au zahanati iliyo karibu, nao utalisema lake.

Kwa hiyo nakuusieni mambo matatu. La kwanza, mwenye baka lisilohisi asilifiche, na mwenye kisukari asiisahau miguu yake, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, akatujulisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. La pili, neno la kuwatukana wagonjwa wa ukoma lisitoke tena katika vinywa vyetu, na mgonjwa aliyepona apewe nafasi yake katika safu, katika sinia ya chakula na katika mashauri ya mji. Mwenye vidole vilivyojikunja anaponyanyua mikono kwa takbira, takbira yake ni kamili. La tatu, kila mmoja amtafute wiki hii mtu mmoja aliyekaa peke yake kwa ajili ya maradhi, amtembelee, aketi naye na ale naye.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu wote. Ewe Mola wetu, wape subira wenye ulemavu na uwape heshima mbele zako na mbele za watu. Ewe Mola wetu, wabariki waganga na wauguzi wetu, na uwalinde wasafiri wanaopita katika njia zetu. Ewe Mola wetu, usizitie ganzi nyoyo zetu baada ya kutuongoza. Utujaalie kuwa mwili mmoja wenye kuitikiana. Waghufirie wazazi wetu waliotangulia, na utupe mema ya dunia na mema ya akhera.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema zake, hata ile neema iumayo. Amin.

Simamisheni Sala.